Mayai Ambayo Sikuyaona

Amongi alifika kwangu Bwera siku ya soko, amebeba kopo la odi, ile siagi ya ufuta ya watu wa Lango, limefungwa kwa mifuko mitatu ya nailoni ili mafuta yasivuje njiani. Sikumjua. Alikuwa mwanamke mzima, mvi zimeanza kumtoka kando ya masikio, lakini aliposimama mlangoni aliushika ubavu wake wa kushoto kwa kiganja, uchovu wa safari tu, na mimi nikasahau hata kumkaribisha. Katika maisha yangu nimemjua mtu mmoja tu aliyesimama hivyo. "Wewe ndiye Zaituni wa maabara?" akauliza. Nikamwambia maabara niliiacha zamani, yeye ni wa nani? "Wa Akello. Mke wa Koplo Ogwang. Tumemzika, mama. Uzee tu. Alijilaza mchana akakataa kuamka. Alituachia neno kwamba siku hiyo ikifika, wewe uletewe odi."

Nilikaa pale pale kizingitini. Amongi akaniinua, akaniketisha kitini, akaingia jikoni kwangu kama kwake na kupika chai. Tulipokuwa tunakunywa alinieleza hadithi waliyosimuliwa na mama yao tangu wadogo: kwamba kule Kasese alikuwapo msichana Mwislamu mwenye macho makali, madaktari wakashindwa kuuona ugonjwa wake, msichana yule akauona. "Mimi na wadogo zangu," akasema, "tusingezaliwa bila macho yako." Nilitazama ndani ya kikombe. Hadithi ile ilikuwa nzuri, na nusu yake ilikuwa kweli. Nusu nyingine Akello aliiacha nje kwa miaka yote hiyo, na nusu hiyo ni yangu. Nilimsimulia Amongi jioni ile kabla jua halijazama. Sasa naiandika, kwa sababu nimekuwa mtu wa kuandika mambo tangu nilipokuwa na umri wa miaka ishirini na moja, na nimejifunza kwamba kosa lisiloandikwa haliachi kukua.

Mwaka ule, mwishoni mwa miaka ya sitini, nilikuwa naishi Kasese, katika chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri, na kila asubuhi nilipanda kuelekea Bulembia hadi hospitali ndogo iliyokuwa bondeni, kando ya mto unaoteremka mlimani ukivingirisha mawe. Niliajiriwa kuosha chupa. Hakuna aliyenifundisha hadubini. Nilijifundisha mwenyewe wakati fundi wa maabara alipokwenda kula, na alipohamishwa asiletwe mwingine, Dokta Mulindwa alinikuta nimeinama juu ya kioo, akaniuliza naona nini. Nikamwambia naona malaria. Akaangalia, kisha akasema, "Kuanzia kesho, chupa ataosha mwingine." Nilifurahi siku moja tu. Kuanzia siku ya pili nilianza kuogopa, na hofu ile haikuniacha mwaka mzima. Niliamini kwamba siku yoyote mtu aliyesoma kweli angeingia, angenitazama mara moja na kuniuliza cheti changu kiko wapi.

Nilichokuwa nacho badala ya cheti ni kitabu. Nilikinunua mpakani Mpondwe, karibu na Bwera, kwa Mama Kavira, mwanamke wa Kongo aliyeuza vitenge na karanga. Kilikuwa kinene, kwa Kifaransa, kimejaa michoro ya vidudu na mayai ya minyoo, na alikuwa akichana kurasa zake kufungia karanga. "Hii buku iko ya munganga," akaniambia. "Mupe moja, padiri, alikimbia vita, akaiacha. Weye unajua Kifaransa?" Nikamwambia sijui. "Sasa unanunua nini, mutoto yangu?" Nikasema, "Picha." Alicheka mpaka akashika meza. Tangu hapo, kila nilipoteremka Bwera nilikaa kwenye kigoda chake, yeye akinitafsiria maneno madogo chini ya michoro huku akiwaita wateja, nami nikiyaandika pembeni kwa penseli. Tulifika kwenye mayai ya kichocho. Ukurasa ule nilikuwa naujua kwa moyo: yai refu kama tende, na ncha moja kali mwishoni. Ukurasa uliofuata haukuwapo. Ulikuwa umekwisha kwenda na karanga za mtu.

Jambo lingine nililokuwa nalo ni daftari. Desturi ya maabara yetu ilikuwa kuandika jibu kwa penseli kwanza, kioo kisomwe tena baada ya chakula cha mchana, kisha ndipo wino upite juu ya penseli. Mimi niliandika kwa wino moja kwa moja. Nilidhani penseli ni ya watu wanaositasita, na mimi, niliyekuwa nasitasita kuliko wote, sikutaka mtu ajue. Miezi minane mizima hapakuwa na mstari mmoja uliokatwa katika daftari langu. Dokta alilionyesha kwa wageni. "Tazameni," alisema, "daftari safi." Nilitoka nje nikasimama kando ya mto, nikayarudia maneno yale mawili peke yangu.

Akello alikuja kabla ya mvua za masika, ametumwa kutoka kambi ya askari ambako mumewe alikuwa koplo wa jikoni. Mwanamke mrefu, mweusi tii, anayecheka kabla hajamaliza kusema. Alikuwa anakojoa damu. Dokta alimwuliza anatoka wapi, na aliposema Lango, aliandika kwenye karatasi "kichocho" na alama ya kuuliza, kwa sababu upande ule, kwenye vinamasi vyao, kichocho cha mkojo kilikuwa kinajulikana, na upande wetu kilikuwa nadra. Alama ile ya kuuliza ilikuwa yangu kuijibu. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi karibu na adhuhuri, na zaidi mgonjwa akitembea kwanza, kwa hiyo nikamzungusha uani. Raundi tatu, nne, kupita kamba za kuanikia shuka, chini ya mkaratusi, na kurudi. "Zaitun," alilalamika, "mimi ni mke wa askari, si askari. Mbona unanikimbiza kama kuruta?" Nikamwambia mayai yanahitaji kuamshwa. "Basi mimi iko kuku!" akasema kwa sauti, na wagonjwa waliokaa barazani wakacheka, naye akawapigia saluti.

Siku ya kwanza sikuona kitu. Siku ya pili sikuona kitu, ila damu. Siku ya tatu tulizunguka tena, na baadaye tukakaa kwenye ngazi ya maabara tukala. Alikuwa ameleta muhogo wa kuchemsha na odi ndani ya karatasi, nami nilikuwa na ngege, samaki wa ziwani, wa kukaanga kutoka Kahendero. Aliniambia habari ya ndoa yake, miaka minne bila mtoto, na jinsi wanawake wa kambini wanavyomwita Mama Koplo kwa sababu hawana jina la mtoto la kumwitia. Aliniambia kwa kucheka, lakini alikuwa anakunja ile karatasi ya odi, anaikunjua, anaikunja. Niliingia ndani nikazungusha mkojo wake kwenye mashine yetu ya mkono, nikaweka tone juu ya kioo, nikainama. Hapo, pembezoni mwa duara la mwanga, nikaona kitu. Kirefu, kama tende. Kina ncha. Moyo wangu ulipiga kwa furaha, naona aibu kusema, kwa furaha. Dokta alitarajia mayai, na mimi, bila cheti, nilikuwa nimeyapata. Nikaandika kwa wino: Mayai ya kichocho yameonekana.

Nilisema mayai. Nilikuwa nimeona moja. Mchana ule ule nilirudi kwenye kioo kile kile ili nilitazame tena, kama mtu anavyorudi kusoma barua nzuri, na halikuwapo. Nilisogeza kioo mstari kwa mstari. Nilichokipata ni chembe za chumvi ya mkojo, nyingine ndefu, nyingine zina pembe, na mojawapo, ukiitazama kwa kuinamisha kichwa kidogo, ukiwa unataka, ilikuwa na ncha. Niliijua wakati ule ule. Sitajitetea kwamba sikujua. Kalamu ilikuwa mezani, daftari lilikuwa wazi, na kazi ilikuwa mstari mmoja tu wa wino juu ya maneno manne. Niliutazama ukurasa ule mweupe, safu zake zilizonyooka. Nikajiambia: Dokta naye anadhani ni kichocho. Nikajiambia: wewe hukusoma, huenda yai lilikuwapo ukalipoteza. Nikalifunga daftari.

Dawa ya kichocho siku zile ilikuwa sindano za antimoni, za mshipani, siku moja baada ya nyingine. Akello alikohoa sindano ikiwa bado mkononi, kisha akatapika. Siku ya nne alitapikia gauni langu, nikamwambia pole, nikalifua mtoni, na alipoona nimelianika kwenye kamba zile tulizokuwa tukizizunguka akasema, "Wewe ni dada yangu kabisa." Sindano zilipokwisha nilipima mkojo tena, na bila shaka hapakuwa na yai, na niliandika kwamba hapana yai, na kila mtu akasema dawa imefanya kazi. Damu ilikuwa bado inakuja. Dokta alisema kovu huchukua muda kupona. Kila aliposema hivyo alikuwa analitazama daftari langu, na daftari lilimkubalia.

Miezi miwili ikapita. Nilikuwa nalala vibaya na nilikonda, na Mama Kavira akaniuliza kama kuna mwanamume. "Hakuna? Basi sumbuko yote hii ni ya nini? Bale banakonda hivi, beko na mapenzi ao beko na zambi." Nilicheka. Mapenzi sikuwa nayo.

Kisha Akello akaja siku ambayo hakuitwa, amevaa kitenge kipya, uso unang'aa, ameshika ubavu wa kushoto kwa kiganja. Alinivuta hadi nyuma ya maabara. "Usiseme kwa mtu. Wanawake wa kambi wameshasema, lakini wewe usiseme." Akatoa kwenye mkoba kisweta cha mtoto cha sufi ya njano, mkono mmoja haujamalizika. Tumbo lake lilikuwa limeanza kujitokeza. "Imekataa miaka minne, sasa imekuja. Kazi ya sindano yako, Zaitun. Ile dawa imesafisha." Kitenge kilikuwa kimelegea, akaniomba nimfunge kwa nyuma, mikono yake ikiwa imeshika kisweta. Nikapitisha kitambaa kiunoni, nikakivuta, na kiganja changu kikapita juu ya tumbo lake. Upande wa kulia palikuwa laini kama tumbo langu mimi. Upande wa kushoto, chini ya mbavu, palikuwa na kitu kigumu, cha mviringo, kikubwa kuliko ngumi mbili, na alipovuta pumzi kilisogea. Mikono yangu ilijua kabla yangu. Mimba gani inakaa upande mmoja? Nilifunga fundo, nikalifungua, nikalifunga tena ili nipate muda. "Mbona unarudia?" akasema. Nikamwambia kitambaa kipya kinateleza.

Nilimwomba anisubiri kwenye ngazi. Dokta Mulindwa alikuwa ofisini anakunywa chai na mkate wa siagi. Nilisimama mbele yake na daftari kifuani.

"Dokta, yale mayai sikuyaona."

"Mayai gani?"

"Ya mke wa koplo. Niliona kitu kimoja. Nikakitafuta tena mchana ule ule, nikajua si yai. Nikauacha wino kama ulivyo."

Aliweka kikombe chini. "Kwa nini?"

"Sikutaka kukata mstari."

Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Hakupiga kelele. Alilichukua daftari, akafunua ukurasa mmoja baada ya mwingine, polepole, mpaka nikatamani anipige. "Daftari safi," akasema, na sikuwahi kusikia maneno yakigeuka hivyo. Kisha akanipa kalamu yake nyekundu. "Kata." Nilikata bila rula na mstari haukunyooka. "Saini. Andika na sababu." Niliandika: Sikuona mayai. Alipiga muhuri, akasimama, akavaa koti. "Mimi pia nilisoma jibu nililolitaka," akasema. "Hilo ni langu, nitalibeba. Sasa twende tukamshike tumbo. Na habari ya mayai, utamwambia wewe."

Alimlaza Akello kitandani, mkono mmoja mgongoni na mwingine tumboni, akasukuma kwa upole, na nikaona kile kitu kikicheza katikati ya mikono yake miwili. Alimwambia kwamba hii si mimba. Alimwambia kwamba figo lake la kushoto limevimba vibaya na lazima litolewe, na haraka. Akello alisikiliza huku anamtazama usoni, na kila Dokta alipotulia alisema, "Ndiyo, Dokta," kama mtu anayepokea maagizo ya kwenda sokoni. Dokta alipoondoka, Akello alikitia kisweta mkobani, akaufunga mkoba. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamwambia. Sikumficha kitu. Nilimwambia hata kwamba nilifurahi.

Akello aliuweka mkoba sakafuni. Nje mtu alikuwa anapiga deki, ndoo inakwaruza sakafu. "Sindano kumi na mbili," akasema mwishowe. "Nilihesabu. Nilitapika juu ya nguo yako. Ukasema pole, ukafua. Ulijua?"

"Nilijua kwamba sina hakika."

"Hiyo ni kujua." Alinigeuzia mgongo, taratibu, kwa sababu ubavu ulimwuma. "Toka, Zaitun."

Keshoye asubuhi nilisikia buti nje ya maabara. Koplo Ogwang aliingia na sare, uso umefungwa, na mimi nikasimama ukutani nikingoja kofi, nikilitaka hata. Mkewe alikuwa amemwambia yote. Alinitazama tangu kichwani hadi miguuni. "Wewe ndiye unapima damu?" Nikasema ni mimi, hakuna mwingine. "Dokta anasema operesheni inataka damu mingi." Akageukia mlangoni. "Ingia! Mstari mmoja! Kunja mikono ya shati!" Wakaingia askari kumi na mmoja, wengine kutoka pande ambazo sikuwahi kuzisikia, wakajipanga kutoka mezani hadi uani. Wa tatu alikuwa mtu mkubwa kama mlango, jasho linamtoka. "Afande," akanong'ona, "mimi hii kitu ya sindano naiogopa." Ogwang akamjibu, "Risasi huogopi, sindano ya msichana unaogopa? Simama!" Wote wakacheka, na kicheko kile kikanisaidia kupumua. Kisha Ogwang akainamia meza yangu, akasema kwa sauti ya chini, ambayo haikuwa ya koplo, "Mimi sijui kusoma hiyo darubini yako. Nakuamini kwa sababu sina njia ingine. Unasikia?"

Nilisikia. Nilipima kwa penseli. Nilipima tena baada ya chakula, kila mmoja, dhidi ya damu ya Akello, na nilimwita Dokta atazame nilichotazama. Watatu walifaa. Yule mkubwa kama mlango alikuwa mmoja wao, na alizimia kabla sindano ya kutolea damu haijamgusa.

Walimpasua Akello siku mbili baadaye. Sikuingia. Nilikaa kwenye ngazi tulipokula muhogo, nikisali maneno yoyote yaliyokuja, na Dokta alipotoka aliniletea ndoo yenye kifuniko. Ndani, kwenye fomalini, palikuwa na figo la Akello na kile kilicholimeza, kikubwa kama kichwa cha mtoto, cha rangi ya kijivu na waridi. Tuliziba kifuniko kwa nta, Dokta akaandika barua, na treni ya Kasese ikaipeleka ndoo Kampala. Majibu yalirudi baada ya wiki tatu: bahasha ya khaki, na ndani yake, katikati ya pamba, kioo kimoja kilichopakwa rangi. Dokta hakunisomea barua. Aliiweka mfukoni, akavuta kiti cha hadubini.

"Kaa. Niambie unachokiona. Usiniambie unachokijua."

Nilikaa. Nilikuwa sijui lolote, kwa hiyo ilikuwa rahisi. Nilitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyowahi kutazama kitu. Palikuwa na mashamba ya chembe ndogo za samawati zilizobanana. Katikati yao palikuwa na vimirija, vifupi, vilivyopinda, na hapa na pale kitu kama fundo dogo la uzi ndani ya kikombe. Nilikuwa nimeona michoro ya figo katika kitabu changu, lakini figo la mtu mzima lina utulivu, kila kitu kina nafasi yake. Hapa palikuwa kama kiwanja cha ujenzi mafundi walipokimbia. "Naona," nikasema, "kama mafigo madogo. Mengi. Yameanza kujengwa, yakaachwa, yakaanza tena pengine. Hakuna hata moja lililokwisha." Dokta aligusa mfuko wenye barua. Nikadhani nimekosea tena, na ajabu ni kwamba sikubadilisha. "Ndivyo ninavyoona," nikasema.

Alitoa barua, akanisomea. Mtaalamu wa Kampala aliandika kwamba huu ni uvimbe wa figo wa watoto, watoto wa miaka mitatu, minne, unaotokana na nyama ya figo la mimba isiyokomaa, na kwamba kumpata nao mtu mzima ni jambo ambalo daktari anaweza kumaliza kazi yake asilione. Kwa hiyo uhai wa Akello ulikuwa na njia: watoto wenye uvimbe huu walikuwa wakitibiwa pale, kwa dawa mpya, na wengine walikuwa wanapona. Lakini aende sasa. Dokta aliikunja barua. "Kama tungengoja tumbo lijulishe kila mtu," akasema, kisha akaacha, kwa sababu sote tulijua ni nani aliyewafanya watu wangoje.

Alikwenda na treni, amelazwa kwenye benchi, Ogwang ameshika kichwa chake mapajani. Nilisimama jukwaani. Hakunitazama. Nilikuwa nimefua nguo zake zote za wodini, nikazikunja kwenye mkoba, na kisweta kile cha njano, nilichokikuta humo, nilikuwa nimekimalizia mkono wa pili, usiku na mchana, nikiwa sijui kama ni heshima au ni ukatili, kisha nikakitia chini kabisa. Miezi mitano sikusikia neno isipokuwa Ogwang, aliyerudi kazini, akipita: yu hai, anatapika, yu hai, nywele zimekwisha. Mama Kavira, nilipompelekea jina la ugonjwa alitafute kitabuni, alilipata kwenye ukurasa ulionusurika, akapitisha kidole. "Hapa wanaandika ni ya batoto tu," akasema. "Mukubwa hawamuandike." Niliandika pembeni, kwa penseli: Yupo mmoja.

Aliporudi nilikwenda stesheni ya Kasese bila kuitwa, nikajificha nyuma ya magunia ya pamba. Alishuka kwenye behewa akiwa ameshikilia mlango, kilemba kichwani, nguo zinaning'inia kama zimeazimwa. Ogwang alikuwa bado anateremsha mizigo. Akello akageuza kichwa, akaniona moja kwa moja, kana kwamba magunia hayakuwapo.

"Unajua walinilaza wapi?" akasema. Sauti ilikuwa nyembamba lakini ilikuwa yake. "Wodi ya watoto. Vitanda vya watoto, miguu yangu inatokeza nje. Asubuhi nesi anatupanga, watoto kumi na mimi, kila mtu anafungua mdomo. Mtoto mmoja ananiuliza, wewe ni mtoto wa nani?" Akaanza kucheka, akashika ubavu, palipokuwa na kovu sasa. Mimi nilikuwa nalia, sikuweza kusogea. "Unalia nini? Dokta mkubwa wa Kampala mwenyewe amesema ugonjwa wangu ni wa mtoto. Mtoto hatembei kutoka stesheni mpaka kambini." Akafungua kitenge cha begani, akaninyooshea. "Nibebe."

Alikuwa mrefu kuliko mimi kwa kichwa kizima. Nilimpa mgongo, nikainama, akanilalia, Ogwang akatufunga kitenge mbele kifuani pangu huku akitukana kwa Kilango na kufuta macho. Hakuwa na uzito wowote. Nilimbeba kupita maduka, kupita wachuuzi waliosimama kututazama, miguu yake mirefu ikiburuta vumbi pande zote mbili, na njiani alilaza shavu lake nyuma ya shingo yangu. Hakuwahi kusema amenisamehe. Nami sikuwahi kuuliza.

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, jeshi lilipoipindua serikali na kuwageukia askari wa Lango, watu wa upande wao walianza kukosekana kambini, na asubuhi moja Ogwang aliacha sare yake chini ya kitanda, yeye na Akello wakaondoka katikati ya magunia ya kahawa, kwa lori la watu wa Bwera ninaowajua. Baada ya hapo tulipata salamu tu, za mdomo, kila baada ya miaka mingi: yu hai, ana binti, ana mapacha, yu hai. Daftari nilibaki nalo. Maabara ilipohamia jengo jipya walitaka kuyachoma madaftari yote, nikaliomba hilo moja.

Jioni ile, nilipomaliza kumsimulia Amongi, nilimletea daftari, nikalifungua kwenye ukurasa wenyewe. Mstari mwekundu bado umepinda. Aliusoma, akapitisha kidole juu yake, kisha akasukuma kikombe, chai imepoa, na nikafikiri sasa ataniambia nitoke, ingawa nyumba ni yangu. Nilielewa hapo, nikimtazama, kwamba Akello hakusahau ile nusu nyingine. Aliichukua, akaiweka mahali ambapo watoto wake hawangeifikia, ili wakue wakinipenda.

"Niwaambie wadogo zangu?" Amongi akauliza.

"Waambie."

"Yote? Hata sindano?"

"Yote. Hata sindano, hata kwamba nilifurahi."

Akafunga daftari kwa mikono miwili, polepole. "Nianzie wapi?"

Nilifikiri kidogo. "Anzia stesheni," nikamwambia. "Anzia alipofungua kitenge."